Nambari 212 kati ya 500

Tonny wa Matisi, Kitale, fundi wa simu, alikuwa na santuri kumi na tisa na hakuwa na gramafoni. Usicheke bado. Zote zilikuwa za muziki wa filamu na vipindi vya televisheni vya zamani, zilizotolewa upya kwa idadi ndogo, kila moja na nambari yake, na zote alizifungia kabatini zikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Mkewe, Viola, alikatazwa hata kuzipangusa vumbi. "Ikifunguliwa," Tonny alipenda kuhubiri, "imekufa."

Jumamosi hiyo alikuwa Bungoma, kwenye duka la vitambaa la Rajesh, akiitolea macho nambari 212 kati ya 500: muziki wa filamu ya Kihindi ya mapacha waliopotezana sokoni. Alikuwa ameisaka miaka mitatu. Shida ni kwamba mwenye santuri hakuwa Rajesh. Alikuwa mamake, Kaushalya, aliyeketi nyuma ya meza akichambua dania kwa kisu kidogo, na huyo hakuwa tayari kumuuzia mtu asiyeujua muziki wenyewe.

"Unaujua huu muziki, kijana?"

"Mama, si huu ndio damu yangu!"

"Basi imba. Ule wa mapacha wakikutana."

Tonny hakuwa ameusikia hata sekunde moja. Lakini mtu hatoki Kitale hadi Bungoma kuja kunyamaza. Akafumba macho, akachukua wimbo wa kwaya ya kanisa lao, akautia maneno yaliyomjia: chapati, bhajia, biriani, pilipili. Kwenye kiitikio akatingisha na mabega kidogo.

Rajesh akajificha nyuma ya majora. Mamake alicheka hadi dania ikamwagika.

"Umeimba menyu, bana!" akasema, akijipangusa machozi. "Haya, nitakuuzia. Lakini tunaifungua hapa hapa, tuisikize."

"Mama, tafadhali! Ikifunguliwa..."

"Ama urudi Kitale mikono mitupu. Chagua."

Tonny akaangalia mlango. Akaangalia nambari 212. Akaitikia kwa kichwa, kisha akageuza uso kama mtu anayedungwa sindano. Kisu cha dania kikapita, krrr. Gramafoni ikakohoa, halafu zikaja fidla, kama ishirini hivi, zikilia na kucheka kwa pamoja. Mabega yake yakaanza yenyewe. Kufika wimbo wa tatu, alikuwa anabubujikwa na machozi mbele ya wateja wa leso.

Alipotoka nje tu, akampigia Viola. "Toa zile santuri kabatini. Noa kisu. Nikifika tunafungua zote!"

Viola akashusha sauti.

"Tonny, usikasirike. Ile yenye picha ya treni niliifungua Pasaka. Nikaenda kuisikiza kwa jirani zetu kina Judy, wako na gramafoni ya babu yao. Nikairudishia nailoni ya mkate."

"Viola!"

"Na ile ya polisi. Na zile zingine kumi na saba."

Tonny akaegemea ukuta.

"Ya treni iko aje?"

"Tamu, wacha tu. Lakini uanze na upande wa pili."