Redio Iliyongoja Baiskeli

Mwaka ule Wabelgiji walipouletea mji wa Kasongo redio yake, watu walishangaa wiki mbili, kisha wakazoea. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta, mlingoti, mashine inayonguruma, na vipaza sauti viwili: kimoja sokoni Kasongo, kingine Kabambare mbele ya ofisi ya serikali. Msomaji wa matangazo alikuwa Hippolyte, mwenye sauti nzito na suruali iliyonyooka kwa pasi. Kazi hiyo ilimpa nyumba ya matofali, na mkewe Anastasie aliifagia mara tatu kwa siku, hata pasipo vumbi.

Asubuhi Hippolyte aliwahimiza watu walime pamba, jambo walilokuwa wakilazimishwa tangu redio haijazaliwa. Hakuna aliyesikiliza. Walichongojea ni matangazo ya saa sita: nani kajifungua huko Nyangwe, nani kapotelewa na mbuzi kule Lusangi, nani kafa.

Kwenye kufa ndipo palipokuwa na kazi. Mtu hatupiwi msiba kama jiwe. Jirani huambiwa kwanza, naye humketisha mfiwa, humpa maji, hukaa karibu yake, ndipo humwambia. Kwa hiyo kila habari ya kifo ilipofika, Hippolyte alimtuma Musafiri, tarishi wa baiskeli, atangulie. Siku mbili baadaye redio ilitangaza, na wafiwa wenyewe walikuja kusikiliza kwa fahari jina la marehemu wao. Mashine iliyoletwa kuushinda umbali ilikuwa inangoja baiskeli, na hakuna mwenyeji aliyeona ajabu.

Aliyeona ajabu ni msimamizi wa teritware, yaani wilaya, Mbelgiji aliyeitwa Bwana Saa, kwa kuwa hakuweza kumenya ndizi bila kutazama saa ya mkononi. Akatoa amri: kila telegramu isomwe ndani ya saa moja tangu ifike. Atakayeichelewesha atafukuzwa.

Jumatatu moja, Bwana Saa akiwa Kabambare kukagua pamba, telegramu ikaingia kutoka Ubelgiji. Mama yake amefariki.

Hippolyte aliisoma mara tatu. Saa sita ilikaribia, na alijua Bwana Saa amekaa chini ya kipaza sauti, peke yake kati ya watu wanaomwogopa. Akaiwaza nyumba, akaogopa. Kisha akaikunja telegramu, akamwita Musafiri, na hewani akasoma habari za wadudu wa pamba mpaka koo likamkauka.

Musafiri alifika Kabambare Jumatano, akamwambia Mzee Yakubu, jirani wa ofisi. Yakubu akamletea Bwana Saa kiti na maji, wanawake wakaja na mikeka, halafu akaambiwa. Bwana Saa alilia mpaka kofia ikaanguka, nao wanawake wakamlilia mama ambaye hawakumjua. Siku hiyo Kabambare iligundua kwamba kumbe hata Mzungu ana mama.

Ijumaa alirudi Kasongo, macho bado mekundu, akaingia moja kwa moja katika chumba cha redio.

"Telegramu ilifika siku gani?"

"Siku ya kwanza, ile Jumatatu, Bwana, mbele ya saa sita. Pole sana, Bwana."

"Na mimi nilijua siku ya tatu. Watu walikaa na mimi muzuri, nashukuru. Lakini sheria iko sheria."

Akajifuta machozi, akaandika karatasi ya kumfukuza. Nyumba irudishwe kesho. Na kwa kuwa hapakuwa na msomaji mwingine, akamwamuru Hippolyte aisome mwenyewe, sasa hivi, katika matangazo ya saa sita.

Hippolyte aliishika karatasi. Sokoni, chini ya kipaza sauti, Anastasie alikuwa akinunua samaki kama kila Ijumaa, hajui lolote. Hakuna aliyetangulia kwake. Hasira ilimpanda Hippolyte, na safari hii hakuogopa. Akawasha mashine.

"Hapa Redio ya Kasongo. Mama Mwamvita, weye muuza samaki, nakuomba. Bibi yangu Anastasie iko hapo karibu na weye. Umukalishe chini, umupe maji, umushike mukono. Kisha nitasoma. Niko nangojea."

Akaiacha mashine ingurume. Bwana Saa alitazama saa yake, halafu akaifunika kwa kiganja.

Hippolyte hakuweza kuliona soko. Alingoja muda unaomtosha mwanamke mnene kama Mama Mwamvita kuinuka, kuchota maji na kukaa. Kisha akauongeza muda huo kidogo, maana Anastasie alikuwa mbishi, lazima angekataa kwanza kuketi.