Mikono ya Mama Kiambi

Asubuhi ya safari, Kanana alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani yachukuliwe na pikapu ya deri, akarudi jikoni kumchemshia mama mkwe wake uji. Ndizi za mchana alikuwa ameshazimenya. Alifagia ua, akamwaga maji ya vuguvugu kwenye karai, akaanza kunawa. Aliposimama kuchukua taulo, mikono yake ilibaki ndani ya karai. Ilikuwa inasuguana kwa sabuni bila haraka, kama ilivyozoea. Hakukuwa na damu. Pale kwenye vifundo ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, laini kama kiazi kilichomenywa.

"Baba Kiambi," aliita, "mikono imebaki."

Muthamia, mumewe, alikuja mlangoni na kikombe chake cha chai. Alitazama karai, kisha akamtazama mkewe.

"Si ndio tulisema?" alijibu.

Ni kweli walikuwa wamesema. Kule Kanyakine mwanamke aliyeolewa husafiri kwa sababu: matanga, hospitali, harusi, mtoto kufukuzwa shule, au mkutano wa akina mama wa kanisa, na hata huko huenda akiwa amebeba sufuria. Kanana alikuwa ametangaza kwamba anakwenda Istanbuli, peke yake, kuona. Mwanzoni watu walidhani anakwenda kununua nguo za kuuza, kama rafiki yake Rwamba mwenye duka mjini Embu, wakamsifu kwa bidii. Aliposema hanunui chochote, walianza kumuulizia afya. Nauli ilikuwa yake, ya ndizi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkataza waziwazi, na hilo liliwaudhi zaidi.

Kikao kiliitwa sebuleni. Muthamia alisema yeye si mtu wa zamani, hana neno, lakini ng'ombe wao hashushi maziwa akikamuliwa na mkono asioujua. Ntinyari, mama yake Muthamia, aliuliza ni nani atakayemkanda miguu jioni. Virginia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye hakuna aliyemwalika, alikumbusha kwamba kuna harusi Jumamosi, na chapati za harusi hukandwa na Kanana.

"Aende," Ntinyari alikata shauri. "Lakini aache mikono."

Wote waliona hayo ni maneno ya haki. Kanana naye aliitikia kwa kichwa, kwa sababu katika kikao cha nyumba ile alikuwa amezoea kuitikia.

Sasa alisimama juu ya karai akawaza kama aende au asiende. Kilichokuwa kikimpeleka kilikuwa kitu kidogo. Rwamba alikuwa amemsimulia kwamba ndani ya Ayasofia, jengo la kale sana ambalo lilikuwa kanisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, kuna nguzo yenye tundu. Mtu hutia kidole gumba katika tundu hilo, akauzungusha mkono mzima bila kukichomoa, basi. Kanana aliposikia hivyo alimwomba arudie. Tangu aolewe, mikono yake haikuwahi kufanya jambo lisilomfaa mtu. Alitaka ifanye hilo moja tu kabla hajazeeka. Alilitaka sana, hata akaona aibu.

Alikwenda. Tiketi ilikuwa imeshalipwa, na mikono haikuonyesha dalili ya kutoka karaini. Muthamia alimvalisha koti na kumfungia vifungo vyote mpaka shingoni. Hakuwahi kufanya hivyo katika ndoa yao, na Kanana aliona kwamba kumbe kumvalisha mtu anajua.

Katika uwanja wa ndege wa kule, afisa wa uhamiaji alimwambia aweke vidole juu ya kioo. Kanana alimwonyesha ncha za mikono ya koti.

"Imebaki nyumbani," alisema.

Afisa hakuinua macho. Alimwelekeza kwenye mstari wa pembeni. Huko walikuwapo wanawake wengine waliosafiri peke yao, wa kila rangi, wamening'iniza pasipoti shingoni kwa kamba. Wengi walikuwa wameacha mikono. Mmoja alikuwa ameacha mgongo, akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwingine, mama mnene mwenye kilemba cha buluu, alikuwa ameacha masikio, na dada yake akaeleza kwa niaba yake kwamba mume wa huyo mama anapenda kusimulia. Mstari ule ulikwenda polepole lakini ulikwenda.

Kijana wa mapokezi hotelini alimuuliza kama yuko peke yake, kisha akauliza mume yuko wapi.

"Yuko na mikono yangu," Kanana alisema. Kijana aliandika, akampa chumba cha ghorofa ya juu, chenye ufunguo wa kuzungusha. Kanana alilala sakafuni, mlango ukiwa haujafungwa kwa ufunguo, mgongo wake ukiuegemea.

Mji ulikuwa mzuri kuliko alivyosimuliwa. Kulikuwa na kuta za mawe ambazo wafalme walizijenga wakafa, na wengine wakazirekebisha wakafa, na paka walikuwa wamelala juu yake. Kanana alitembea. Milango ya kusukuma aliisukuma kwa bega, na ya kuvuta aliisubiri mpaka apite mtu. Mikate ya ufuta aliuziwa na mzee aliyemvisha mmoja kwenye kifundo kama bangili, akawa anaula akitembea. Wauza mazulia walimshika koti, wakamwita dada, wakamvuta ndani ya maduka, na hakuwa na cha kuwaondolea. Mwanamume mmoja alimfuata tangu sokoni hadi kituo cha tramu akimuuliza jina. Kanana aliangalia mbele. Alikuwa na hasira kubwa, na hasira isiyo na ngumi inachosha mwili haraka.

Alipiga simu nyumbani kwa ncha ya pua. Muthamia alitokea kwenye kioo cha simu, amependeza, shati limepigwa pasi. Nyuma yake, juu ya meza, mikono ilikuwa inasukuma chapati.

"Usiwe na wasiwasi, huku hakuna kitu imeharibika," alisema. "Ng'ombe inatoa maziwa kuliko hata ukiwa."

"Mama anasemaje?"

Ntinyari alisogeza uso wake karibu na simu mpaka likaonekana paji tu. "Inakanda vizuri, mwanangu. Na hainuni."

Kanana alingoja. Alitaka mmoja wao aseme nyumba imekuwa kimya, au amuulize kama amekula. Muthamia aligeuka kutazama nyuma.

"Sasa wacha nikate," alisema. "Chai inaletwa."

Siku iliyofuata alikwenda Ayasofia. Ndani kulikuwa na ubaridi na mwanga wa manjano uliotoka juu sana. Kwenye nguzo watu walijipanga, kila mtu na kidole gumba chake. Walitia, wakazungusha, wakacheka, wakapigwa picha. Shaba iliyozunguka tundu ilikuwa imeng'aa kwa kuguswa. Zamu yake ilipofika, Kanana alikunja mkono wa koti kwa meno, akaweka kifundo juu ya tundu. Kifundo kilikuwa kikubwa mno. Alikibonyeza pale pale. Alisikia ubaridi wa shaba kuzunguka, na katikati hakusikia kitu.

Msichana aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. "Nitie changu kwa ajili yako?"

"Asante, mama," Kanana alisema. "Hakitakuwa changu."

Saa hiyo hiyo, Kanyakine, mikono ilikuwa jikoni inamenya ndizi za kupondea mukimo. Mkono wa kulia uliweka kisu chini. Kidole gumba kilisimama, na mkono ukaanza kuzunguka hewani polepole, ukaenda mpaka ulipoweza kufika, ukatetemeka hapo. Muthamia aliutazama. Alidhani ndizi zimeisha, akasogeza mkungu mwingine.

Kanana alisimama kwenye nguzo mpaka walio nyuma wakaanza kukohoa. Kisha akasogea, akaketi chini kando ya ukuta, akalia. Machozi yalishuka mpaka kwenye kola, kwa kuwa hakukuwa na cha kuyafutia. Mlinzi alimwacha. Kila siku palikuwa na mwanamke mmoja au wawili waliokaa pale.

Aliporudi nyumbani, Muthamia alimfungulia geti, akachukua begi.

"Umerudi mapema," alisema. "Ungekaa hata mwezi, hakuna mtu angekusumbua."

Mikono ilikuwa shambani inachimba viazi, ikabidi aisubiri. Alikaa kwenye kigoda, koti likiwa bado limefungwa mpaka shingoni. Jioni mikono ilikuja, ikamkanda Ntinyari miguu, ikaosha vyombo, ikapanda magotini pake na kujiunga bila maumivu. Kanana akaipindua, akaitazama. Kwenye viganja alisikia kila kitu ilichokigusa wakati hayupo: chuchu za ng'ombe, unga, mpini wa jembe, visigino vya Ntinyari, kola ya Muthamia. Alitafuta sana, kidole kwa kidole, kama kuna mtu aliyeisalimia. Watu wa pale husalimiana kwa mkono hata wakutane mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyekuwa ameisalimia. Alimwambia mumewe.

"Ilikuwa na kazi," Muthamia alisema, naye hakusema uongo.

Asubuhi Virginia alikuja na kikapu kilichotandikwa kitambaa safi. Alisifu zile chapati za harusi. Alisema sasa kuna matanga ya mzee Salesio huko ng'ambo ya mto, na watu watakuwa wengi.

"Wewe unaweza baki tu upumzike, Mama Kiambi," alisema. "Umetoka mbali."

Akanyoosha mkono. Kanana naye alinyoosha wake, kwa furaha, amsalimie. Virginia akaupokea, ukabanduka kifundoni bila damu, akaulaza kikapuni, akaufunika, akangoja wa pili.

Kanana akampa.