Presha Jumapili ya Wasomi

Ibada ilikwisha lakini hakuna aliyetoka. Wazee wa Kianjai walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, makoti yamevuliwa, mikono ya mashati imekunjwa mpaka karibu na kwapa, wakimngoja Kiende. Ilikuwa Jumapili ya wasomi. Kila mwaka kanisa huwaita watoto wake walio vyuoni waje watumike, na safari hii mzee wa kanisa, Murungi, alikuwa ametangaza kwa maikrofoni kwamba daktari wetu wa yunivasiti atapima watu presha, bure kabisa.

Kiende si daktari. Anasomea uuguzi, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu ambacho jina lake likitajwa hapa Kianjai watu hukaa wima. Na jamani, tangu azaliwe hakuwahi kumpima mtu presha. Mashine chuoni ziko, zimefungiwa kabatini, na mwenye funguo haonekani. Wahadhiri wasipogoma hutuma maelezo ya somo kwa WhatsApp. Wodini hupelekwa darasa zima kwa mgonjwa mmoja, na aliye nyuma huona migongo ya wenzake. Kiende ni mfupi.

"Mama, mimi hii kitu sijui," alimnong'oneza mamake.

"Wacha aibu! Miaka yote hiyo ulikuwa unasoma nini, kuvaa hiyo sweta ya chuo yenye kofia? Funga mkono, pampu, sema namba."

Wa kwanza alikuwa bibi kizee, Shosho Marcella. Aliketi, akaweka mkono mezani, kando ya mashine ambayo kanisa lilikuwa limeiazima.

"Mwari, binti yangu, pima vizuri. Hizi dawa za presha zimepanda bei, na zahanati wanasema hakuna. Ukiniambia niko sawa, leo leo naziacha."

Kiende alifunga kile kitambaa cha mashine, akavaa stetoskopu masikioni, akapampu, akasikiliza. Hakusikia kitu ila viti vya kwaya vikiburutwa. Mshale wa mashine ukashuka mpaka chini. Namba nzuri alikuwa nayo mdomoni, mia moja na ishirini kwa themanini, ile ya kitabuni, ile inayompa alama zote kwenye mtihani. Nani angejua? Akatazama miguu ya shosho, ilivyovimba ndani ya ndara, akaogopa kweli kweli.

"Shosho, sijui kupima," akasema kwa sauti. "Hatujafundishwa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Murungi akadaka maikrofoni. "Mnaona unyenyekevu? Msomi wa kweli hajigambi! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Mamake Kiende alipiga kuliko wote.

Linda alikuwa pale pale akipanga viti. Ni binti wa fundi wa viatu, naye anasomea uuguzi, ila kwenye koleji ndogo mjini Meru, juu ya duka la mbolea. Kila wiki wanapelekwa hospitalini wakafanye kazi mpaka viatu viwabane. Yeye kanisa halikumtangaza.

"Linda, kuja," Kiende akaita. "Shosho, huyu hupima watu kila siku. Wacha akupime."

Marcella akarudisha mkono wake kifuani haraka. "Huyu wa kakoleji ka juu ya mbolea? Apana! Mimi nimengoja wa yunivasiti."

Linda akaendelea kupanga viti, amezoea. Kiende ndiye aliyepandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Akampa Linda mashine.

"Shosho, huyu ni msaidizi wangu."

"Aa, msaidizi! Si ungesema?" Mkono ukarudi mezani.

Linda alikifungua kitambaa, akakifunga tena juu zaidi ya kiwiko, akatafuta mshipa kwa vidole, akapampu, akasikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akamwinamia Kiende sikioni.

"Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Sema wewe. Kwangu atabisha."

"Shosho, iko juu sana," Kiende akasema. "Dawa usiache hata siku moja. Na leo usirudi nyumbani, uende hospitali."

"Leo leo?"

"Sasa hivi."

"Haya, daktari." Marcella akashusha mkono wa sweta, akawageukia wenzake. "Si mnaona? Yunivasiti si mchezo." Akamwita mwanawe amtafutie pikipiki ya boda.

Mara sauti ya mama mmoja ikatoka mlango wa nyuma. "Linda! Mbona unasimama hapo na watu wenye kazi? Chai itajigawa?"

Linda akamrudishia Kiende mashine, akaenda jikoni. Mzee aliyefuata alikuwa ameshaketi, mkono uko mezani, anatabasamu.

Kiende akautazama mkono ule. Akakusanya kila kitu, akatokea mlango wa nyuma, akaingia jikoni kwenye moshi. Alimketisha Linda juu ya gunia la viazi, akamvisha ile stetoskopu masikioni, akamnyang'anya birika.

"Wewe pima. Chai nitagawa mimi. Na katikati unifundishe."

Wazee nao wakamfuata, mstari mzima, mikono wazi, wakiruka ndoo na kuni. Mamake Kiende alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mbona tunapimiwa jikoni?" mmoja akanung'unika.

"Nyamaza, utatuaibisha," Murungi akamwambia, naye akikunja mkono wa shati. "Ndiyo mtindo wa yunivasiti."