Kiti cha Nyuma Kina Mtu

Kikao cha kupanga safari ya baiskeli kutoka Glasgow hadi Edinburgh kilifunguliwa rasmi jikoni siku ya Jumatano. Kilikuwa na wajumbe wawili, na mmoja alikuwa amegoma.

Mgomaji ni mzee Wattie Lochhead, fundi bomba mstaafu, aliyeketi dirishani akiutazama mfereji ambao sasa aliuona kama mstari wa kijivu tu. Mwenyekiti, kwa kujiteua, ni mjukuu wake Ishbel, msichana wa sekondari.

Chini kwenye ngazi za jengo, baiskeli yao ya viti viwili ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Tangu macho ya mzee yaingie ukungu, hakuna aliyeipanda. Majirani walichoka kuigonga kwa magoti, na mama yake Ishbel akaahidi kumpa bwana mmoja wa kanisani, ambaye angekuja kuichukua Jumamosi. Babu akiipanda itabaki, alisema mama, asipoipanda, iende. Ishbel alibembeleza wiki nzima. Mzee alijibu kwamba yeye si gunia la viazi la kubebwa nyuma.

Basi Ishbel akaacha kubembeleza, akageukia uovu. Alitandaza ramani, akakohoa, akatangaza kuwa ataazima baiskeli nyingine aende na rafiki yake Morven, kisha akausoma mpango kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Wangekwenda Edinburgh kwa treni, halafu waendeshe kurudi nyumbani kwa njia ya kando ya mfereji.

Kiti cha dirishani kililia. Mzee alikuwa amegeuka.

Pale mfereji unapovuka mto Avon juu ya daraja, Ishbel aliendelea, wangepita mbio bila kushuka, maana yale mawe ya njiani yanachangamsha makalio. Ndani ya handaki la Falkirk wangezima taa, wafurahie matone yanayodondoka darini.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Na kabla ya kuanza safari, tutakula kwa Bibi Effie."

Hapo uvumilivu ukakatika. Effie ni dada yake mzee, na ameishi Edinburgh hadi naye, kama wenyeji wa huko, akajifunza kuwapokea wageni mlangoni kwa kuwaambia, "Bila shaka mmeshakula."

"We mtoto, una akili kweli?" alisema mzee. "Upepo unatoka magharibi. Unataka ukupige usoni njia nzima, na njaa ya Effie tumboni?"

"Morven ana miguu ya nguvu, Babu."

"Morven hata kengele hajui kupiga. Chini ya kila daraja kuna mtu na mbwa wake. Usipopiga kengele, mtasalimiana majini. Chukua kalamu."

Kikao kikapamba moto. Mzee aliipindua safari yote: waanzie hapahapa Maryhill, upepo mgongoni, pai zinunuliwe Kirkintilloch, walale Linlithgow, handakini washuke na waimbe, ili wanaotoka upande wa pili wawasikie. Kidole chake kilitembea juu ya ramani asiyoiona. Ishbel aliandika kwa utii wa karani, akiuma midomo.

"Ukikaribia Avon, wa nyuma atakukumbusha kushuka," alisema mzee.

Ishbel akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, huyo wa nyuma ni nani.

Mzee aliondoa kidole kwenye ramani. "Usinifanye mjinga. Hakuna mtu wa Maryhill anayepanga vibaya hivyo kwa bahati mbaya. Ungeishia kwenye upepo, ningekuamini. Kwa Effie ulizidisha."

"Samahani, Babu."

"Nyuma nitafanya nini, na sioni?"

Ishbel aliweka kalamu chini, na uenyekiti ukamtoka. "Mimi sijawahi kukaa mbele," alisema. "Naogopa kutuangusha."

Mzee akatoa sharti moja: Edinburgh chipsi humwagiwa sosi ya kahawia badala ya siki ya Glasgow, kwa hiyo siki atabeba yake mwenyewe.

Jumamosi yule bwana wa kanisani alifika, akamkuta mzee ngazini, kofia ngumu kichwani, amekaa kiti cha nyuma cha baiskeli ambayo bado imefungwa kwa mnyororo. Mahali pa chupa ya maji palikuwa na chupa ya siki.

"Niliambiwa baiskeli hii haina mtu," alisema yule bwana.

"Kiti cha mbele ndicho hakina," alisema mzee. "Dereva anatafuta ufunguo."