Nukta Nyekundu Chini ya Sahani

Dada yangu Mabruka alipopata kiharusi, Kiarabu chote kilimtoka kichwani, kikabaki Kiswahili. Miaka yote hii tunakaa Birkat al Mauz, huku Omani, amefanya urafiki na nusu ya mji kwa Kiarabu, na asubuhi moja akaamka hawezi hata kumwomba daktari maji. Kwangu mie hilo halikuwa tabu, maana sisi wawili tukiwa peke yetu husema Kiswahili tangu utotoni kwetu Malindi, Unguja. Tabu ilikuwa kumwinua. Mabruka ni mwanamke wa mwili, mie mfupi, na mgongo wangu si wa kutegemewa. Siku moja tulianguka wote wawili bafuni, tukakaa kwenye maji ya sabuni tunacheka, hata Hamda wa ng'ambo ya njia akasikia, akaja kutuinua. Alipokwisha kutuinua akatugombeza kama watoto.

Ndipo Mabruka akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, Nizwa, kwa majaribio. Nililia njia nzima, mjukuu wangu Shurooq anaendesha gari huku ananipa tishu. Lakini nilipokwenda kumtazama wiki ya pili nilimkuta Mabruka amesimama. Ameshika reli ya ukutani, na ubavuni pake yupo Mwanaheri, msichana wa Tanga anayefanya kazi pale, anamwambia, "Haya bibi, mguu wa kulia, huo mvivu. Ufokee kidogo." Na Mabruka anaufokea kweli.

"Nataka kubaki hapa," aliniambia siku ile. "Nyumbani unanipenda, lakini unaniangusha."

"Nimekuangusha mara moja tu."

"Bafuni mara moja. Ile ya kitandani ulisema nimeteleza mwenyewe."

Kubaki kuna malipo. Pensheni ya marehemu mume wangu inatosha mchele, umeme na dawa zangu za presha, na mwanangu Nadhir, aliyeko Samail, duka lake ndiyo kwanza linasimama. Ofisi ya misaada huwalipia wazee ambao watu wao hawawezi, lakini kwanza hupima hali ya nyumba, na kupima kwenyewe ni mtu kuja kutazama. Wakapiga simu: atakuja Jumatatu asubuhi.

Sasa mtu akisema anakuja nyumbani kwako, huyo ni mgeni. Mie sikujua jina jingine la kumwita. Hamda alipopata habari alivuka njia na sinia lake kubwa la shaba, lile analotoa Idi, na dele la kahawa lenye mdomo mrefu. Nyuma yake mwanawe amebeba zulia jekundu begani. Jirani wa upande wa pili akaleta mito ya kuegemea na chetezo cha udi. Haluwa ikatoka kwa mmoja, matunda kwa mwingine, mie nikakaanga sambusa na kumimina mkate wa mchele. Hamda akanitazama mikono, akanivua bangili zangu za plastiki, akanivisha zake za dhahabu.

"Usimwaibishe Mabruka," akasema.

Yule kijana wa ofisi alikuwa na adabu. Alikaa juu ya zulia jekundu, akala fuala, vile vitafunio vya mgeni, vyote nilivyomwekea, akanywa kahawa mpaka akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Akaomba ruhusa kupiga picha sebule, nikamwambia apige, nikasogeza na sinia lionekane vizuri. Mlangoni akasema, "Mwenyezi Mungu azidishe neema ya nyumba hii," nami nikaitikia amin kwa furaha, nikijua mambo yamekwenda sawa.

Jibu likaja kwenye simu ya Shurooq. Alilisoma kimya, kisha akaniangalia kama ninavyomwangalia mtoto aliyejipaka samli usoni.

"Bibi, wanasema sisi matajiri."

"Nani kasema?"

"Nyumba ina uwezo, hawatalipa. Mwisho wa mwezi Bibi Mabruka arudi, au tulipe wenyewe." Akanisogezea picha. "Hii vyombo yote ya nani, Bibi? Na hii bangili?"

Mjukuu wangu Kiswahili chake hukimbilia mbele na kuacha viatu nyuma, lakini nilimfahamu vizuri sana. Nilikaa chini. Niliona ule mguu mvivu wa dada yangu ukirudi kitandani kwangu, usiweze kusimama tena.

Shurooq ndiye aliyeandika maombi kwamba hali yetu itazamwe upya. Wakakubali kuleta mtu mwingine. Usiku wa kabla ya hiyo siku akanikalisha jikoni kunipa masharti.

"Usiseme na jirani. Usiazime kitu. Usipike."

"Mgeni nimpe nini?"

"Maji."

"Maji matupu?"

"Bibi, tafadhali."

Nikampigia simu Mabruka. Mwanaheri akamshikia sikioni. Nilipomweleza habari za maji akasema, "Ukimpa mtu maji matupu kwenye nyumba niliyokaa mimi, bora nirudi nife kwa aibu huko huko. Kahawa na tende. Huyo Shurooq mwambie nimesema mie."

Basi ikawa kahawa na tende.

Aliyekuja safari hii ni mwanamke, jina lake Wasan, miwani, abaya iliyopigwa pasi vizuri. Alisema Kiarabu, akaniita khala, yaani mama mdogo, kwa heshima. Nilimkaribisha kwenye busati letu la plastiki, nikamtilia kahawa ya chupa, nikamwekea tende za mtende wetu ulioko nyuma, ambao mwaka huu haukuzaa vizuri. Mito miwili, televisheni, kabati. Ukuta mtupu pale ilipoegemezwa mito ya jirani. Nilijisikia kama niliyetoka nje bila ya mtandio.

Wasan akatoa simu yake, akatazama picha, akatazama chumba. Akarudia tena.

"Khala, zulia liko wapi?"

"Limerudi kwao."

"Na sinia? Na dele?"

"Vimerudi kwao pia."

"Na dhahabu?"

Nikamnyooshea mikono yangu yenye bangili za plastiki. Alizitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Khala, usikasirike," akasema. "Mimi huenda kwenye nyumba nyingi. Watu wakijua tunakuja mara ya pili huhamisha vitu. Naandika ninachokiona, na ninachokiona ni kuwa juzi vilikuwapo na leo havipo."

Kama ningelikuwa mimi ndiye yeye ningesema hivyo hivyo. Chumba kile kitupu, nilichokiacha kitupu ili kiseme kweli, kilikuwa kinanisema mwongo mbele ya mgeni.

Hapo mlango ukagongwa, na aliyegonga hakungoja kuitikiwa. Hamda ameingia kwa mgongo, maana mikono yake imejaa. Ameona gari ya serikali langoni. Sinia lile lile la shaba, juu yake haluwa, ndizi za bustanini kwao, hotipoti ya vitumbua, na dele linatoa moshi.

"Shukriya, wewe una wazimu," akaniambia kwa Kiswahili, bila kumtazama mgeni. "Mtu wa watu kaja, unamwekea tende zile zenye wadudu?"

"Hazina wadudu."

"Zina. Nimezila." Kisha akamgeukia Wasan kwa Kiarabu na tabasamu, "Karibu, karibu, nyumba yako hii."

Nikafumba macho. Nilisikia Shurooq anasema taratibu, "Khalas, basi," kama mtu anayezima taa.

Nilipofumbua, Wasan alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na anainamia sinia. Analinganisha. Akaondoa bakuli la haluwa juu ya sahani yake, akaipindua sahani. Chini pana mstari wa buluu wa rangi ya kucha, na mstari mwengine umeukata. Akakipindua kifuniko cha hotipoti: buluu, mistari miwili. Akainua ukingo wa sinia, akachungulia.

"Hii alama ya nani?" akauliza, na safari hii kwa Kiswahili, Kiswahili cha bara, kizito kidogo.

Hamda akajivuta. "Yangu. Unadhani ya nani? Nisipotia alama, huyu hapa nusu ya vyombo vyangu angekuwa navyo kabatini."

"Na zulia jekundu?"

"Lipo kwangu, limetandikwa. Vuka njia ulione. Lakini ukivuka utakula, nakwambia mapema."

Wasan hakucheka, ila miwani yake ilipanda kidogo. Akaniomba nimwonyeshe vyombo vyangu. Nikampeleka jikoni, nikafungua kabati. Alama yetu mimi na Mabruka ni nukta moja nyekundu. Aliianza yeye, tulipohamia mtaa huu, kwa chupa ya rangi ya kucha aliyokatazwa kujipaka na mama mkwe wangu. Wasan alipindua sahani moja moja. Zilikuwa chache, na moja haikuwa na nukta nyekundu bali ya kijani.

"Hii si yako," akasema.

"Ya jirani wa upande wa pili. Nangoja nipate cha kuitilia. Hairudi tupu."

Akairudisha mahali pake polepole. "Mama yangu kazaliwa Tabora," akasema. "Yeye hufunga uzi kwenye mishikio. Na bado kila Idi anagombana na watu." Kisha akavaa tena uso wa ofisi. "Nitavuka njia nikalione hilo zulia."

Alivuka, na alikula. Hamda alihakikisha.

Jibu la pili lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Ofisi italipa sehemu kubwa, Nadhir atatia iliyobaki. Shurooq alilisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaniambia nimpigie Bibi Mabruka mwenyewe, maana yeye akipiga atalia. Akalia hata hivyo.

Ijumaa tulikwenda Nizwa. Mabruka alikuwa amekaa kwenye kiti dirishani, Mwanaheri anamsuka. Nilimpa habari zote tangu Hamda kuingia kwa mgongo, na nilipofika pale pa tende zenye wadudu alicheka mpaka nywele zikamponyoka Mwanaheri mikononi.

"Zilikuwa na wadudu?" akaniuliza.

"Moja."

"Umeniletea nilichokuagiza?"

Nilitoa mkobani chupa ndogo ya rangi nyekundu. Kwa mkono wake mzima akatia nukta chini ya kikombe chake, chini ya sahani, na kwenye kiti cha kuogea. Nukta ya kiti ikawa na mkia. Mie nilimshikia vitu, na moyo wangu ukawa mzito, maana mtu hatii alama vyombo vya mahali anapopita tu. Nafikiri aliona.

"Lete mkono," akasema.

Nikampa. Akanitia nukta moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akaipuliza ikauke.

"Sasa nenda," akasema. "Hata wakikuazima, watajua wa kumrudishia."