Buibui wa Mlangoni kwa Akil

Watu wa uchochoro ule nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa, walimwita Akil msomi, na Bayan, dadake, kila alipolisikia neno hilo alitamani kutema mate. Msomi gani? Mtu aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, akaketi barazani na kanzu iliyopigwa pasi na mwengine, akipiga domo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Siku hizi alikuwa na somo moja tu: buibui.

Buibui mwenyewe alikuwa mkubwa, miguu yake mirefu ina mabaka meusi na manjano, na utando wake aliutanda juu ya mlango wa mbele, kutoka kwenye nakshi za juu hadi waya wa umeme. Jua likiupiga, nyuzi zilimeta rangi ya dhahabu. Watalii wakitoka Ngome ya Yesu walisimama kuupiga picha, na Akil akavimba kichwa utadhani ameutanda yeye.

Mambo yalianza na mvua za masika. Jioni moja kumbikumbi, mchwa wenye mabawa, waliruka wakaizonga taa ya mlangoni, na utando ukawanasa mpaka ukalemea. Buibui akawafunga mmoja mmoja, akawafyonza. Akil akainua kidole.

"Mwamuona? Huyu yuwala mchwa usiku na mtana. Mlango huu una mlinzi wake."

Kesho yake Katana seremala alikuja na dawa ya mchwa, maana Bayan alikuwa amemwita. Akil alimrudisha na mkebe wake. Dawa itamuua buibui, alisema, na katika nyumba ile hajauawa buibui tangu enzi za babu, kwa heshima ya yule aliyetanda kwenye mlango wa pango akamsitiri Mtume. Hata Bayan alipofagia dari aliwahamisha kwa upole, kwa ncha ya ufagio. Lakini heshima ni kitu kimoja, na upumbavu wa kakake ni kitu kingine.

Maana Bayan ndiye aliyefagia kizingiti kila asubuhi, na alijua buibui amekula nini kwa kuwa mabaki yalikuwa miguuni pake: nzi, nyuki, nondo, panzi, siku moja mende. Wote wa kuruka. Hakuwahi kuokota mchwa hata mmoja mweupe, asiye na mabawa, kwa sababu mchwa hatoki nje kujitembeza. Na wale kumbikumbi ambao Akil aliwashangilia, yeye aliwaona kwa macho yake wakitoka kwenye ufa wa mwimo, ule mti wa ubavuni unaoubeba mlango. Buibui alikula waliokuwa wakihama. Wenyeji walibaki ndani, wakiendelea na chakula chao.

Alijaribu kusema mara moja. "Kaka Akil, hao wametoka humu humu kwenye mbao."

"Bayan, wewe shughulika na mbaazi zako."

Basi akafyata ulimi. Si kwa woga, kwa dharau. Kila asubuhi aliugonga mwimo kwa kidole, akasikia mlio wa debe tupu ukizidi, akacheka peke yake, kisha akaendelea kufagia. Aliiwaza siku ambayo jeuri ile itamtokea kakake puani mbele ya watu, na wazo hilo lilimnogea kuliko kahawa. Kwamba mlango ni wa babu yao, kwamba mabiharusi wote wa nyumba ile, yeye mwenyewe akiwamo, walitolewa kwa mlango huo, kwamba Mona bintiye angefuata: yote hayo aliyajua, akayasogeza kando.

Siku ikaja, na ilikuja na watu. Wazee wa kwao Ziad walifika baada ya alasiri kumposea kijana wao Mona. Bayan na bintiye walikaa ndani, nyuma ya pazia. Akil aliwapokea wageni barazani, na badala ya kuwakaribisha ndani akaanza somo lake. Bayan aliuma ncha ya mtandio asicheke.

"Mti wa babu huu! Mchwa hawaugusi, yupo mwenye kuwala. Sikizani!" Akaupiga mwimo kwa kiganja, kwa nguvu.

Kiganja kilizama mpaka kwenye saa yake. Mwimo ukashuka vumbi tupu, na ubao mmoja wa mlango, nakshi zake zote na jina la babu, ukaangukia barazani ukapasuka vipande vipande. Wageni waliruka nyuma. Mchwa weupe walimwagika kama mchele. Buibui, utando wake umechanika, alipanda kwenye waya akatulia.

Hakuna aliyecheka. Hilo Bayan hakulitegemea. Akil alisimama mdomo wazi, mkono umejaa vumbi, amezeeka ghafla, na mkubwa wa wageni akasema kwa adabu kwamba leo haifai, watarudi siku nyingine, inshallah. Wote walijua inshallah ile ni ya namna gani.

Walipoondoka, Bayan alitoka nyuma ya pazia na maneno yake tayari, Mona nyuma yake.

"Nilikwambia, kaka Akil..."

"Mama," Mona alimkatiza. Alikuwa ameinama akiokota kipande chenye herufi mbili za jina la babu. "Mjomba hakujua. Mjomba ni mjinga, twajua sote. Lakini wewe, kila asubuhi nakusikia kutoka chumbani. Wagonga, kisha wacheka."

Hakupaza sauti. Alimtazama mamake kutoka juu mpaka chini, taratibu, mdomo umepinda kidogo, na Bayan akalijua jicho lile. Miezi yote alikuwa akimtazama nalo kakake.

Mona akaingia ndani na kile kipande, akamwachia mamake ufagio.