Oili ya Maisha

Mwalimu wa udereva alifungua boneti ya gari lake la kufundishia, akampisha fundi. Gari lilikuwa jeupe, la otomatiki, na tangu wiki iliyopita lilikuwa likisita kila linapotaka kuingia gia ya tatu, kama mtu aliyeulizwa nani kadokoa nyama jikoni.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili ilikuwa nyeusi kama masizi, ikinuka kuungua. Akaisogeza sikioni.

"Samahani mwalimu," ilisema oili kwa sauti ya kijana. "Nilidhani ni breki."

"Hii ya zamani sana," alisema fundi, akikipangusa kijiti. "Ilibadilishwa lini?"

"Haijawahi. Aliyeniuzia gari alisema ni oili ya maisha, haibadilishwi."

"Maisha ya nani?"

Mama mkwe wa mwalimu, aliyekaa kwenye usukani akijizoeza kutazama vioo, alicheka mpaka miwani ikamteleza. Kesho yake alikuwa na mtihani wa leseni, wa tano. Alifuga kuku, na dereva aliyempelekea mayai sokoni aliyarukia matuta kama anayekimbizwa. Mama alitaka kuyaendesha mayai yake mwenyewe, taratibu.

"Basi badilisha," alisema mwalimu.

"Ngoja kwanza. Ukiiacha, giaboksi itakufa polepole. Ukiitoa yote, inaweza kufa kesho. Sahani za ndani zimelika, sasa zinashikana kwa huo huo uchafu."

"Kumbe uchafu ndio unaotuendesha," alisema mama.

"Kwa sasa ndiyo, mama."

Fundi aliingia chini ya gari, akalegeza nati na kukinga kidogo kwenye beseni aione vizuri. Oili iliendelea kuzungumza humo. Wanafunzi wa miaka yote waliomba radhi, mmoja alisali, mwingine aliuliza kulia ni wapi. Kisha ikaja sauti nzito, isiyo na haraka: "Kuendesha unajua. Lakini wenzako hunisalimia kwa bahasha."

Ilirudia maneno hayo mara nyingi, kila mara kwa mwanafunzi mwingine.

"Huyo ni mtahini," alisema mama. "Mimi mara zote nne nimemsalimia kwa mdomo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani ni sheria ya barabarani, mwanangu. Nikawa naitafuta kitabuni."

Mwalimu alipiga hesabu. Oili ikitoka yote, gari lingeweza kukwama kwenye mlima wa mtihani. Ikibaki, lingesita hapo hapo.

"Toa nusu," alisema mama.

"Ndivyo ninavyofanya kwa magari ya umri huu," alisema fundi. "Nusu leo, uliendeshe, ukiona limekubali tunarudia."

Akatoa nusu, akajaza mpya, nyekundu kama juisi. Ile ya zamani mama aliomba apewe. Akaitia kwenye dumu, akalipandisha kiti cha nyuma na kulifunga mkanda.

Siku ya mtihani mwalimu alisubiri kando ya barabara. Mtahini alikaa kushoto kwa mama, kalamu mkononi. Mlima waliupanda vizuri. Gia ya tatu iliingia bila kusita. Juu kabisa, dumu likasema, "Wenzako hunisalimia kwa bahasha."

Mtahini akasikiliza.

"Sauti yangu hiyo," alisema. "Siku hiyo nilikuwa na mafua."

Waliporudi, mtahini alisubiri kidogo, akitazama mikono ya mama. Mikono ilikuwa kwenye usukani, pale pale kitabu kinapotaka. Akaandika kwamba mtahiniwa ameshindwa, kwa kubeba abiria anayezungumza na dereva gari likiwa kwenye mwendo.

"Hilo nalo kitabuni limo," mama alimwambia mwalimu alipopanda. "Ukurasa huo naukumbuka."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Ungeisikia gia ya tatu! Hata yai lisingejua."

Nyuma yao mtahini alikuwa akiingia gari jingine, na kijana aliyekuwemo alimsalimia vizuri sana.

Mama aliwasha taa ya kulia, akatazama vioo vyote vitatu, akaingia barabarani. Walipofika kwenye mteremko, oili mpya ilitamka maneno yake ya kwanza, kwa sauti nzito, isiyo na haraka.

"Kuendesha unajua," ilisema, ikanyamaza.

"Afadhali imeanza na la kweli," alisema mama, akaliacha gari literemke taratibu kuelekea nyumbani.